Bikoni Nilizosimika Siku Jua Lilipochafuka

Mwanangu Nyangeta,

Salamu nilikupa asubuhi ulipokuwa unakalia sanduku ili zipu ifunge, sina haja ya kuziandika tena. Na mambo ya safari sitayagusa. Koti, dawa, namba ya yule dada atakayekupokea uwanja wa ndege, hayo mama yako ameyarudia wiki nzima mpaka majirani wote wa Nyakato yetu hii ya Musoma wameyashika kwa moyo. Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni. Wewe umekwenda Nyegina kumuaga bibi yako, mama yako yuko uani anakukaangia sato, na mimi nimekaa kwenye meza ninayochoreaga ramani. Kesho alfajiri unapanda basi. Nataka uondoke na karatasi hizi, kwa sababu mdomo umenishinda miaka minne.

Nitaandika kwa mpangilio, tangu mwanzo. Unanijua nisivyopenda mtu anayesimulia habari kuanzia mkiani. Na wewe usiruke mbele kutafuta ninakoelekea. Soma mstari baada ya mstari, ndiyo adhabu yangu hiyo.

Uliporudi kutoka Bunda, umemaliza kidato cha sita na unasubiri matokeo, ulirudi na ugonjwa wa jua. Mwalimu wenu wa fizikia alikuwa amewaonyesha picha kwenye kompyuta ya shule, basi ikawa ndiyo hiyo. Kila asubuhi kabla ya chai unafungua simu. Mama yako alidhani una mchumba. Akanituma nichunguze, nami nikachungulia begani kwako, nikakuta jua. Jua la kijani, jua la dhahabu, jua la zambarau. Nikarudi kumwambia, "Mchumba gani huyu anatumaga picha siku nzima na zote ni duara?" Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Lakini ulinieleza, na nilielewa. Hilo nataka lieleweke mapema, maana baadaye nilijifanya sikuelewa. Ulikaa hapa hapa kwenye meza hii ukaniambia kuna satelaiti wameisimamisha kati yetu na jua, mbali kuliko mwezi mara nyingi, haifanyi kazi nyingine ila kulitazama. Ndani yake kuna kamera yenye kisahani kinachoziba uso wa jua. Nikakuuliza, mtu anasafiri mbali hivyo kutazama kitu, halafu anakiziba? Ukainua kiganja dirishani. "Baba, mtu akikujia na jua likiwa nyuma yake, si unaziba jua ndipo unamwona?" Nikainua na changu, nikajaribu.

Ukasema kwamba huku chini hewa inakula ile miale mikali, na ni bahati yetu, ndiyo maana inabidi watazame wakiwa juu ya hewa. Ukasema jua likilipuka, mwanga wa mlipuko unatufikia kwa dakika nane, hakuna wa kukuonya. Ila mara nyingine mlipuko unasukuma na wingu zima la gesi ya moto lenye sumaku ndani yake, na hilo linatembea siku moja, mbili, hata tatu kabla ya kufika. Hapo ndipo kuna nafasi ya kuonya. Ulinionyesha wingu limechomoza upande wa kushoto wa kisahani. "Hili halituhusu, linapita zake." Kisha ukanionyesha jingine, duara jeupe limekizunguka kisahani pande zote linapanuka. "Hili ndilo la kuogopa. Ukiliona limezunguka hivi na limetoka upande wa huku, linakuja kwako." Baadaye picha ikajaa chenga nyeupe, nikadhani simu imeharibika. Ukasema hapana, ni vipande vidogo vya jua vinaipiga kamera yenyewe. Nilishangaa kweli, Nyangeta. Nilikuonea fahari usiku ule mpaka nikamwamsha mama yako kumwambia. Kwa nini fahari ile haikudumu hata mwezi, ndilo swali ninalojiuliza.

Sasa tuje kwenye Jumamosi ile.

Nilikuwa nakunywa uji. Ukauliza napima wapi. Nikasema Butiama, familia moja inagawana ardhi, mjane na shemeji yake. Ukasema, "Baba, leo usipime."

"Kwa nini?"

"Juzi jua limetoa wingu. Limezunguka kisahani chote. Linafika leo. Mashine yako inasikiliza satelaiti, na njia ya ile sauti itachafuka huko juu. Itakudanganya."

Nikajibu nini? Nilijibu, "Mimi napima ardhi, mwanangu. Jua wanapima wanaoanika dagaa."

Hukucheka. Ulisema neno moja tu zaidi. "Basi kama huwezi kuacha, ukimaliza rudi kule kilimani ufunge."

Na hapo ndipo uliponiudhi. Kufunga kipimo ulikuwa umenisikia mimi nikikutajia. Mzee aliyenifundisha kazi Bunda, tukiwa na mnyororo na darubini ya miguu mitatu, alikuwa akisema kuwa mpimaji hutoka mahali anapopajua na lazima arudi mahali anapopajua. Pale kilimani kuna nguzo ya zege ya serikali, inajulikana ilipo kwa uhakika. Unaanzia pale, unafanya kazi yako, unarudi pale. Mashine ikikupa jibu lile lile la asubuhi, umesalimika. Isipokupa, kazi ya siku nzima ni bure. Binti wa miaka kumi na tisa kunikumbusha hilo mbele ya uji wangu! Nikaondoka bila kumaliza bakuli.

Unajua watu wa mtaa wa Mukendo waliniitaje, na unajua lilivyoanza: nilimkatalia mwenye duka mmoja ukuta wake kwa sababu ulikuwa umezidi sentimita mbili. Bwana Sentimita. Nilijifanya nalichukia jina lile. Uongo. Nilikuwa nalivaa kama suti.

Kule Butiama asubuhi ilikwenda vizuri. Bikoni mbili za mashariki, vile vyuma vya mpaka tunavyovisimika kwenye zege, nilizipima jua halijapanda, mashine imetulia. Nikawapa stori yako kama kichekesho. "Binti yangu amenikataza kuja, eti jua limechafuka." Shemeji mtu akacheka, mwenyekiti wa kitongoji akacheka. Mjane, Mama Magori, hakucheka. Aliuliza, "Limechafukaje?" Nikamwambia, "Mama, tuachie wataalamu."

Kufika bikoni za magharibi, saa saba imepita, mashine ikaanza. Ilikuwa inasikia satelaiti kumi na moja, zikawa nane, zikawa tano. Namba za mwisho zikawa zinacheza, hazikai. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, nilijua maana yake. Niliona, Nyangeta. Sikudanganywa na anga. Anga lilinipa ishara zote, na binti yangu alikuwa amenipa asubuhi, na mimi nikasubiri kidogo, namba zikapungua kucheza, nikaandika. Jeuri tu.

Mama Magori akaja pale tunapochimba. "Baba, mpaka wetu haukuwaga hapa. Unapita kwenye ule mnyaa." Mnyaa wenyewe, ule mti wa utomvu unaopandwa mipakani, ulikuwa nyuma yetu hatua nne hivi, upande wa shemeji. Kati ya mnyaa na shimo tulilochimba palikuwa na kaburi la mumewe, limesakafiwa, lina msalaba wa chuma. Nililiona. Nikamwambia, "Mama, mnyaa unakua. Chuma hakikui." Watu wakacheka, nikafurahi kwamba wamecheka.

Nilikuwa bado naweza kwenda kilimani. Nusu saa, basi. Lakini mbuzi alikuwa amechinjwa, nyama ya kichuri, yenye uchungu wa nyongo, iko motoni, na unajua utaratibu wa kule. Bikoni ya mwisho ikishasimikwa mpimaji ananawa mikono mbele ya pande mbili, kazi imekwisha. Ukishanawa, kurudi kwenye mashine ni kuwaambia wenyeji kwamba ulichowaonyesha hakikuwa kazi. Mwenyekiti alikuja na birika na beseni. Nikayatazama yale maji, nikakumbuka maneno yako, neno kwa neno. Nikanawa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na kazi jirani na pale. Siku tulivu, mashine nzima. Nikaanza kilimani, nikafunga kilimani, kila kitu sawa. Nikasema ngoja nijiridhishe na zile bikoni. Nikasimama juu ya ile ya kwanza ya magharibi. Ilikuwa imekosea mita tatu na sentimita themanini na mbili. Ya pili karibu vile vile, upande ule ule. Kamba nzima ya ardhi ya Mama Magori, pamoja na kaburi, niliitoa nikampa shemeji yake. Bwana Sentimita! Nilizima mashine nikatazama nyuma kama mwizi wa kuku, kisha nikarudi Musoma nikala chakula cha jioni na nyinyi. Ulinipitishia chumvi. Sikusema kitu.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Ningesema ni leseni, mama yako angeamini. Lakini ukweli ni mdogo na wa aibu zaidi. Ningelazimika kurudi nyumbani nikwambie, "Ulikuwa sahihi." Maneno mawili hayakupita kooni, mjane akapoteza kaburi la mumewe.

Shemeji akaweka uzio wa waya. Mama Magori akaenda baraza la ardhi la kata. Ukasikia, na hapo ukafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Uliandika barua. Ulikuwa unakwenda Mwanza kujiandikisha chuo siku ile ile ya baraza, ukanipa bahasha nikaipeleke. Ulikuwa umetembea mpaka Mukendo ukachapisha picha za jua kwa rangi, ukaandika chini ya kila moja siku na saa. Bahasha haikuwa imegundishwa. Niliisoma ndani ya basi. Kuna mahali uliandika, "Baba yangu hakufanya makusudi. Tunaomba apewe nafasi ya kupima upya." Ulikuwa unanitetea.

Niliikunja mara mbili nikaiweka mfuko wa suruali. Mwenyekiti wa baraza aliuliza kama kuna maelezo mengine. Nikasimama. Nikasema hakuna. Nikasema mashine haina shemeji wala shangazi, haimpendelei mtu. Wazee wakatikisa vichwa, neno limewapendeza. Mama Magori alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu vya plastiki, mikono mapajani. Alinitazama tu. Baraza likasema mpaka ubaki pale mpimaji alipouweka.

Jioni ulipiga simu kutoka Mwanza. "Baba, waliisoma?"

Nikasema, "Waliisoma. Walicheka wakasema watoto wa siku hizi mna mambo."

Kisha ukasema, "Sawa, Baba."

Hawakucheka, Nyangeta. Hawakuiona. Wale wazee hawajawahi kukudharau, siku ile hawakujua hata kama uliandika. Aliyekudharau ni mmoja, na ndiye aliyekulipia ada. Miaka minne nilihesabu kwamba unaamini ulisema ukweli mbele ya watu wazima wakakucheka, nami nimekuacha uamini hivyo, kwa sababu uongo ule ulikuwa unaniweka upande wa wanaokuhurumia.

Tangu siku ile hukunionyesha tena picha za jua. Likizo ulikuja, ukapika, ukamfulia bibi yako, ukanisaidia kuchora ramani, mkono wako safi kuliko wangu. Nikikuuliza, "Jua linasemaje?" unajibu, "Lipo, Baba." Mama yako alisema umekua. Mimi nilijua sababu.

Mwezi wa jana ulifanyiwa ule usaili wa kwenda kusoma nje, kwa kompyuta, umejifungia sebuleni. Nilikuwa nje chini ya dirisha nafunga tairi la pikipiki. Sikukusudia kusikiliza, halafu nikakusudia. Kiingereza changu ni cha ofisini lakini kinatosha. Walikuuliza kwa nini jua, kwa nini usisome kitu kingine. Ukajibu kwamba baba yako ni mpima ardhi, ni mtu mwaminifu, na siku moja anga lilimdanganya. Ukasema unataka watu kama yeye waonywe mapema.

Niliacha tairi pale pale. Nilikwenda mpaka ziwani nikakaa kwenye mawe kama mtu aliyefiwa, wavuvi wananisalimia siitikii. Mtu mwaminifu! Wamekuchukua, unakwenda nchi ya watu kukesha na zile picha, na kazi yote hiyo umeijenga juu ya baba ambaye hayupo.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Butiama. Nilikuaga kwamba nina kazi ya kiwanja, na haikuwa uongo. Nilimkuta Mama Magori anaanika udaga wa muhogo juu ya jiwe. Amezeeka. Nilipiga hodi nikabaki nimesimama, akanipa kigoda, nikakataa, akasema, "Kaa, baba, mtu hasemi neno zito akiwa amesimama." Nikakaa. Nikamwambia yote. Mashine, mnyaa, kilima, maji ya kunawa, sentimita themanini na mbili, barua mfukoni. Nilimwonyesha barua yenyewe, bado ninayo. Sikuwahi kuthubutu kuichana.

Alichonijibu nitakuja nacho. Kwanza nimalizie kazi.

Jumamosi, ulipokuwa Mwanza kufuata tiketi, nilirudi na mashine. Nilikuwa nimeomba mwenyekiti wa kitongoji na shemeji mtu wawepo, na majirani wa pande zote. Safari hii sikuanzia shambani. Niliwaomba tupande wote kilimani, waone nguzo, waone namba ya kuanzia, waiandike wenyewe kwenye daftari la mwenyekiti. Tukashuka. Nikasema mbele yao kwamba bikoni za magharibi nilizisimika vibaya, kwamba nilijua baada ya wiki mbili, na kwamba kwenye baraza nilificha ushahidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Shemeji mtu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa Bwana Sentimita, tukuamini wa leo au tukuamini wa siku ile?"

Nilistahili. Nikamwambia, "Msiniamini. Tukimaliza tunapanda tena, mkaone mashine inasema nini." Tukapima, tukapanda, akiwa nyuma yangu anahema na kulaani. Namba ikatoka ile ile ya asubuhi. Akaitazama kwenye daftari, akaitazama kwenye mashine. Hakunipa mkono. Lakini tuliposhuka aliikata waya ya uzio wake kwa koleo, mwenyewe, sehemu ile ya kaburi, akasema iliyobaki ataitoa akipata mtu wa kumsaidia. Bikoni nilizichimbua kwa mikono yangu. Zege ya miaka minne ni ngumu, mgongo bado unauma. Hakuna aliyechinja, hakuna aliyeleta birika.

Barua ya kukiri nimeiandika kwa ofisi ya ardhi, na baraza nimewapelekea nakala ya barua yako. Leseni inaweza kwenda, sijui. Mama yako nimemwambia jana. Amelia, kisha ameniuliza kama ulikuwa unajua, na hilo ndilo linalonirudisha kwa Mama Magori.

Nilisema nitaandika kwa mpangilio, na jambo hili nimeliruka kwa kuwa mkono ulikataa. Siwezi kuliruka tena.

Nilipomaliza kukiri siku ile ya Alhamisi, Mama Magori hakushtuka. Aliendelea kupanga udaga wake, vipande vyeusi huku, vyeupe huku. Kisha akasema, "Mbona hayo nayajua? Binti yako alikujaga."

Nikamuuliza binti gani.

"Yule mrefu. Wiki ile ya baraza. Alitoka Mwanza na basi, akapitia kwa mwenyekiti wa baraza kuuliza kama barua yake imesomwa, akaambiwa hakuna barua. Akaja hapa, amekaa hapo ulipokaa. Akanieleza mambo ya jua mpaka nikaelewa. Nikamwambia basi twende tukaseme. Akaanza kulia. Akasema, 'Mama, tukimsema sisi atabisha mpaka afe, namjua. Mwache. Si mtu mbaya. Atakuja mwenyewe.'"

Mama Magori akanitazama, hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nikamuuliza atakuja lini. Akasema, 'Hatachelewa.' Kila akifunga chuo alikuwa anapita hapa, ananiuliza, 'Mama, Baba amefika?' Namwambia bado. Tunapalilia kaburi kwa kupitisha jembe chini ya waya, halafu anaondoka. Mara ya mwisho ni mwezi wa jana. Aliniuliza vile vile."

Nyangeta. Ulijua. Uliposema kwenye simu, "Sawa, Baba," ulikuwa bado hujajua, lakini wiki haikuisha ukajua. Chumvi ulizonipitishia baada ya hapo, ulijua. Ulipowaambia wale watu wa usaili kwamba mimi ni mwaminifu, ulijua, na ulikuwa umetoka kumuuliza Mama Magori kama nimefika. Nilidhani naficha siri, kumbe nilikuwa nalelewa. Na yule mama, kwa neno la binti wa miaka kumi na tisa, amepitisha jembe chini ya waya miaka minne.

Sina la kukufundisha. Nimekaa hapa tangu mchana nikitafuta usia, na kila nikianza sentensi nakuona umeshika jembe. Nitasema moja tu, na ni ombi. Huko uendako utaona duara jeupe limezunguka kisahani, utaandika onyo, na mahali fulani duniani mtu mzima mwenye jina zuri atalisoma na kutabasamu. Usimngoje. Piga simu tena. Piga kelele. Mtie aibu mapema, akiwa bado hajanawa mikono. Mimi ulinihurumia, na nakushukuru, lakini huruma ile alilipa mjane. Nadhani nawe unalijua hilo, nadhani ndiyo maana ulikuwa unakwenda kupalilia.

Kesho stendi sitasema kitu, nitabeba sanduku tu, unanijua. Ukipita Butiama siku ukirudi, Mama Magori amesema waya hamna, mtaingia kwa kutembea. Nilipokuwa natoka kwake siku ile ya Alhamisi nilimuuliza nikwambie nini. Alifikiri, akafuta mikono kwenye kanga, akasema nikwambie usiulize tena.

Nimefika, mwanangu.

Baba yako